Treni Ikichelewa: Mwongozo wa Msafiri wa TAZARA na Reli ya Kati

Anayepanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Kasama au New Kapiri Mposhi anaingia safari ndefu. Njia nzima ni kilomita 1,860, yaani 975 upande wa Tanzania na 885 upande wa Zambia. Kwa hesabu ya ratiba, Mbeya ni kama siku moja na Kapiri ni kama siku mbili. Njiani, ongeza. Anayekwenda Kigoma kwa Reli ya Kati, kilomita 1,250 hivi, naye aongeze.

Nasema hivi kwa sababu naipenda treni na ningependa watu wengi zaidi waipande. Unalala umenyoosha miguu, mama mwenye watoto anapata nafasi ya kuwatandikia, na mtu wa kipato kidogo anavuka nchi nzima na mizigo yake. Wanaoumia sana ni wale waliopanga siku zao kwa kuamini saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Shida ya treni kuchelewa, sehemu kubwa unaimaliza nyumbani kabla hujakata tiketi. Inayobaki unaimaliza ndani ya behewa, kwa kujua mnasubiri nini.

Kwanza, kwa nini treni inachelewa

Reli zote hizi mbili ni za njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi zinatumia reli ileile, na haziwezi kupishana mahali popote ila stesheni, penye njia ya pembeni. Moja inaingia pembeni na kusimama, nyingine inapita. Ratiba nzima imejengwa juu ya hizo zamu za kupishana.

Sasa treni yako ichelewe saa moja kufika pale ilipotakiwa kupishana na treni ya mzigo. Treni ya mzigo haitazuiwa huko ilipo kwa ajili yako. Itaruhusiwa kuingia kipande kinachofuata, na ninyi mtakaa pembeni mpaka itoke. Ile saa moja imeshakuwa mbili na nusu. Mnafika mbele, kumbe na zamu ya pale nayo imepotea. Kwa hiyo ucheleweshaji wa treni hauongezeki kidogo kidogo. Unakaa palepale kwa muda, kisha unaruka.

Ndani ya behewa hakukosi mtu anayesema dereva akikaza mwendo mtafidia. Asikudanganye. Kuna vipande ambavyo dereva ameamriwa kwenda polepole kwa sababu njia imechoka au udongo umelegea, na amri hiyo haivunji hata mkiwa mmechelewa nusu siku. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho mfano mzuri. Reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, inapita mahandaki na madaraja marefu mfululizo, na milima yake huporomosha udongo wakati wa mvua. Hapo mwendo ni wa taratibu siku zote, na ni vema uwe hivyo.

Sababu nyingine ni uchache wa injini na mabehewa. Injini ikifa katikati ya pori, hakuna ya akiba nyuma ya kichaka. Inatafutwa kwenye stesheni kubwa, mara nyingi inakatwa kwenye treni ya mzigo, kisha nayo isubiri njia iwe wazi ndipo iwafikie.

Hatua ya 1: Weka siku ya akiba kabla ya kukata tiketi

Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mimi huhesabu siku moja ya akiba kwa safari yoyote inayolala njiani. Masika huhesabu mbili. Anayekwenda Kigoma au Mwanza kwa Reli ya Kati wakati wa mvua aulizie hasa kipande cha Kilosa hadi Gulwe, kwa sababu reli pale inafuata bonde la mto Mkondoa na mto huo ukifurika unabeba tuta la reli. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli hiyo na treni za abiria zikasimama kwa miezi.

Siku ya akiba maana yake ni hii: jambo lililokupeleka lisiwe siku ya kufika. Usaili ukiwa Jumatatu Mbeya, treni ya kukufikisha Jumapili jioni si yako. Vivyo hivyo mtihani, miadi ya hospitali ya rufaa, tiketi ya ndege, na kesi mahakamani. Mazishi ndiyo usijaribu kabisa. Ukipigiwa simu ya msiba, panda basi, hata kama nauli ni kubwa zaidi na miguu itavimba.

Mfanyabiashara wa ndizi, nyanya au samaki apange mzigo kwa siku ya kuchelewa, asiupange kwa siku ya ratiba. Ndizi zipakiwe mbichi kabisa. Migebuka na dagaa wa Kigoma wawe wamekauka vya kutosha, si wale wa kuanikwa jua moja.

Kuna jambo la saa pia ambalo huwachanganya wengi. Tiketi inaandikwa kwa saa 24. Ikisema 15:50, treni inaondoka saa 9:50 alasiri. Na anayevuka mpaka ajue kuwa Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja: saa nne asubuhi Tunduma ni saa tatu Nakonde. Watu hujikuta wanabishana na mkaguzi wa tiketi kuhusu saa moja ambayo haikupotea popote.

Hatua ya 2: Ulizia treni inayorudi

Ukitaka kujua treni yako itaondoka lini, usiulize tu "treni inaondoka saa ngapi?" Utajibiwa saa ya kwenye ratiba. Uliza hivi, siku moja kabla: "Mabehewa ya safari ya kesho yameshafika?"

Mara nyingi mabehewa yanayokupeleka ndiyo yaleyale yanayorudi na abiria wa upande wa pili. Kama treni ya kutoka Kapiri bado iko Makambako jana yake, ya kwako haiwezi kuwa tayari mapema. Inabidi ifike, abiria washuke, isafishwe, ijazwe maji, ikaguliwe breki, ndipo ipangwe. Ukipata jibu hilo kwa simu au kwa kumtuma mtu stesheni, unajiokolea usiku mzima wa kulala juu ya begi kwenye ukumbi.

Kama una namba ya mtu wa stesheni, mpigie asubuhi, si jioni ya kuondoka wakati kila mtu anampigia. Na hata ukiambiwa treni imechelewa saa sita, fika saa mbili au tatu kabla ya huo muda mpya. Saa ya kuondoka inaposogezwa mbele, huweza pia kurudishwa nyuma kidogo, na treni haitamrudia aliyekwenda kula Kariakoo.

Hatua ya 3: Funga safari ya siku mbili kana kwamba ni nne

Maji ni la kwanza. Dumu la lita tano kwa mtu mmoja kwa siku mbili ni kiasi cha chini, ukijua utajaza njiani. Bomba la behewani linategemea tangi, na tangi linajazwa stesheni kubwa. Treni ikisimama porini nusu siku, maji ya kunawa huisha kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo tenga: maji ya kunywa kwenye chupa zilizofungwa, ya kunawa kwenye dumu dogo lenye kopo.

Chakula kipange kwa jinsi kinavyoharibika. Siku ya kwanza kula wali, kuku wa nyumbani, mayai ya kuchemsha. Siku ya pili chapati kavu, mihogo ya kukaanga, viazi. Halafu kuwe na mfuko wa tatu ambao hufungui mpaka ratiba iwe imeshavunjika: karanga, korosho, tende, visheti, biskuti, mkate mkavu. Huo mfuko wengi hawabebi, kwa kuwa kuna behewa la chakula. Behewa la chakula lipo, ila limepakiwa vyakula vya safari ya kawaida. Kuchelewa kukifika siku nzima, linabaki chai ya rangi, kisha sukari nayo inaisha.

Chakula cha njiani ni utamu wa safari hizi, lakini nacho kina saa zake. Wauzaji wanaijua ratiba kuliko abiria. Wa Saranda, karibu na Manyoni, na kuku wao wa kuchoma maarufu. Wa Tabora na asali. Wa bonde la Kilombero na ndizi na wali. Treni ikiingia saa nane usiku badala ya saa mbili, baadhi bado watakuwepo na vibatari au tochi za simu, lakini sufuria imeshapoa. Kula cha moto kinachofuka mvuke mbele yako au chenye ganda lake: ndizi, mahindi ya kuchemsha, yai, chungwa. Kuharisha kwenye treni iliyosimama ni mateso ambayo simtakii mtu. Beba pakiti mbili tatu za chumvichumvi za kuchanganya na maji (ORS), hazina uzito.

Nguo ya baridi. Watu wa Dar hucheka nikisema hivi, halafu wanafika Makambako saa kumi alfajiri mwezi Julai. Sweta, soksi, na shuka nzito au blanketi la mtoto.

Dawa ziwe za siku nne au tano zaidi ya safari, na zikae kwenye mkoba wa begani, si kwenye begi lililofungiwa chini ya kitanda cha mwenzako. Anayetumia insulini afunge chupa kwenye mfuko wa plastiki, auzungushie kitambaa chenye unyevu, aweke kivulini mbali na dirisha. Presha, kisukari, kifafa, ARV: dozi iliyoruka kwa sababu treni ilikwama ni dozi iliyoruka tu, mwili haujui sababu.

Kingine ni tochi, pawabanki iliyojaa, karatasi ya chooni, sabuni, na kipande cha mbao cha kukaza dirisha usiku kama kitasa chake hakishiki. Fedha taslimu za noti ndogo. Mtandao ukikosekana, hela ya kwenye simu hainunui ndizi. Anayevuka mpaka awe na kwacha kidogo mapema, maana mkifika Nakonde usiku wa manane utabadilisha kwa bei ya mtu aliyekushika shida.

Hatua ya 4: Isome treni inaposimama

Treni imesimama. Nje giza, vyura wanalia, hakuna tangazo. Sasa usikilize na kutazama.

Kwanza angalia mmesimama wapi. Kama pembeni kuna reli nyingine na jengo dogo lenye taa, mko stesheni na huenda mnapishana. Hii ndiyo hali ya kawaida na ndiyo fupi: dakika ishirini, saa moja, mara chache zaidi. Utamwona mtu wa stesheni ametoka na taa yake, anatazama upande mmoja bila haraka. Mkisikia honi ya mbali na reli ya pili ikaanza kutetemeka, mzigo unafika. Ukishapita, ndani ya dakika chache mnaondoka.

Kama mmesimama kati ya stesheni na stesheni, na injini bado inanguruma, huenda ni amri ya mwendo, mifugo relini, au wafanyakazi wa njia. Subiri tu.

Injini ikizimwa kabisa, kimya kikaingia hadi unasikia watu wa behewa la tatu wakiongea, hilo ni jambo lingine. Mtaona mafundi na tochi wanatembea kuelekea mbele. Wakirudi haraka, ni hitilafu ndogo au bomba la breki. Wakikaa pale, na mmoja akaanza kuongea kwenye redio au simu kwa kurudia jina la stesheni, wanaomba injini nyingine. Hapo hesabu kuanzia saa nne kwenda juu.

Ya mwisho na ndefu kuliko zote ni njia kuzibwa mbele: behewa la mzigo limeacha reli, daraja lina shida, au maji yamepita juu ya tuta. Hapa treni yenu ni nzima, mnazuiwa stesheni, na hakuna treni inayokuja kutoka upande wa pili saa nzima, saa tatu, saa tano. Hiyo ndiyo dalili kubwa. Kuinua behewa kunataka kreni na watu wake, nao husafiri kwa reli hiyohiyo. Panga kulala.

Ukienda kuuliza, uliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu. "Tutafika saa ngapi?" halina jibu na humchosha mhudumu aliyeulizwa na watu sitini. Msalimie kwanza, kisha:

"Samahani mkuu, tunasubiri kupishana au njia imefungwa mbele?"

"Tunasubiri injini, mzee."

"Imeshatoka? Inatokea wapi?"

"Imetoka Mlimba sasa hivi."

Hapo umeshapata hesabu yako. Injini iliyotoka na injini inayotafutwa zimeachana kwa saa nyingi. Vilevile uliza "njia imeshafunguliwa?" badala ya "lini?". Ukiambiwa "bado wanafanya kazi", rudi uliza baada ya saa mbili, si baada ya dakika kumi. Na mtu mmoja aulize kwa niaba ya behewa zima, arudi awaambie wenzake alichosikia bila kuongeza chumvi. Uvumi ndani ya treni iliyokwama hupandisha presha za wazee na kuwafanya vijana washuke na mabegi gizani.

Hatua ya 5: Ishi vizuri mkiwa mmesimama

Usalama kwanza. Mkiwa stesheni ya kupishana, ile reli ya pili ni hai. Treni ya mzigo inaweza kuingia wakati wowote, na ikitokea upande wa kona hutaisikia mapema kama unavyodhani. Shukia upande wa jengo la stesheni tu. Usipite chini ya mabehewa kufupisha njia, hata kama treni imezima tangu asubuhi, na watoto waambiwe hivyo kwa ukali. Injini ikiungwa mbele, mabehewa yote yanasukumwa kwa kishindo.

Kaa mahali ambapo unaushika mlango wa behewa lako kwa hatua chache. Honi hupigwa, treni inaanza kuvuta, imekwisha. Aliyekwenda kununua mahindi kijijini anaachwa.

Kati ya Fuga na Kisaki TAZARA inapita katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mchana utaona twiga na tembo dirishani, na ni fahari kubwa kuwaonyesha watoto. Treni ikisimama hapo, usishuke, mchana wala usiku, hata kwa haja ndogo.

Vyoo vya mabehewa ya zamani vinamwaga moja kwa moja relini. Mkisimama stesheni muda mrefu, tumia choo cha stesheni kama kipo. Mkiachia behewani, harufu inawarudia ninyi wenyewe na wauzaji wanaopita chini ya madirisha.

Kwenye chumba cha kulala, iwe daraja la kwanza lenye vitanda vinne au la pili lenye sita, kubalianeni mapema. Mchana kitanda cha chini ni kiti cha wote, lakini mzee au mjamzito akitaka kulala alazwe. Usiku mtu mmoja awe macho kwa zamu treni ikiwa imesimama, madirisha yafungwe, simu zisichajiwe karibu na dirisha. Daraja la tatu zamu ni muhimu zaidi, kwa sababu mtu akilala amekaa hasikii mkoba ukivutwa.

Mama mwenye mtoto mchanga afikiriwe kabla hajaomba. Maji ya moto yakipatikana behewa la chakula, chupa yake ya chai ijazwe kwanza. Nimeona abiria wasiojuana wakichangia unga wa uji, dawa ya homa na hata khanga ya kuzuia jua dirishani, na safari hizo ndizo watu wanapeana namba za simu mwishoni.

Wanaokusubiri usiwape saa ya kufika. Wape stesheni: "Nikifika Makambako nitakupigia, kutoka hapo uhesabu." Mtandao hukatika ndani ya hifadhi na tena kwenye milima baada ya Mlimba, kwa hiyo ukiwa Mlimba tuma ujumbe kabisa kwamba hutapatikana kwa muda. Washa hali ya ndege kwenye simu mkiwa porini, la sivyo betri itakwisha kwa kutafuta minara isiyokuwepo.

Hatua ya 6: Kushuka au kuvumilia

Swali hili linawatesa watu wengi, na wengi hulijibu kwa hasira. Lijibu kwa ramani.

Upande wa TAZARA, kuna stesheni ambazo barabara iko jirani na kuna zile ambazo ukishuka umejitupa. Kidatu na Ifakara zina barabara ya kwenda Mikumi, na Mikumi uko kwenye barabara kuu ya Dar, Iringa na Mbeya. Ukiambiwa Ifakara kwamba njia imefungwa mbele kwenye milima, hapo ndipo pa kuamua. Ukivuka ukafika Mlimba umeingia ndani. Barabara ya kurudi Ifakara masika ni ya matope, na kupanda juu kwa gari ni shida nyingine. Ukiwa Mlimba, ushauri wangu ni uvumilie na treni yako. Makambako pametulia: barabara kuu inapita hapo, mabasi ya Mbeya, Njombe na Songea yapo. Kutoka Makambako mpaka Tunduma reli na barabara kuu haziko mbali sana, kwa hiyo hofu inapungua.

Zambia, Nakonde, Kasama, Mpika na Serenje zote zina usafiri wa barabara kwenda Lusaka. Karakana kubwa ya TAZARA upande huo iko Mpika, kwa hiyo injini ikisumbua jirani na hapo kuna matumaini ya kupata nyingine.

Reli ya Kati, pa kuamulia ni Morogoro, Dodoma, Manyoni na Tabora. Kati ya Kilosa na Gulwe hakuna pa kwenda, kaa. Tabora usishtuke treni ikikaa muda mrefu: hapo mabehewa hukatwa na kupangwa upya, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, na ya Mpanda, ambayo njia yake inachepukia Kaliua. Hakikisha uko kwenye behewa la kwako kabla ya kushuka kununua asali.

Kabla ya kushuka jumlisha: nauli ya basi, malazi kama ni usiku, gharama ya mizigo, na mtu wa kukusaidia kuibeba. Mwenye gunia tatu za mchele na watoto wawili karibu kila mara anapata nafuu kwa kubaki. Kijana mwenye begi moja na usaili kesho kutwa ashuke mapema, penye barabara, mchana. Na ukishuka, mwambie mkaguzi wa tiketi, akuandikie kwenye tiketi umeishia wapi na kwa nini.

Wa treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024, suala hili kwao ni dogo. Ucheleweshaji wake kwa kawaida ni wa saa, si wa siku. Ila madirisha hayafunguki. Umeme ukikatika kiyoyozi kinazima, kwa hiyo chupa ya maji mkononi na nguo nyepesi ni lazima hata kwa safari fupi. Milango isilazimishwe.

Hatua ya 7: Mkifika saa isiyo yake

Stesheni ya Mbeya ya TAZARA iko nje ya katikati ya jiji, upande wa barabara ya Tunduma. Ukifika saa tisa usiku, usichukue bodaboda ya kwanza inayokuvamia na mabegi. Kaa ukumbini na wenzako mpaka kukuche, au mpigie mwenyeji aje na mtu anayemfahamu. New Kapiri Mposhi ni hivyohivyo: Lusaka bado iko karibu kilomita 200 mbele, na usafiri wa mchana ni salama zaidi kuliko gari la kukodi la usiku. Abiria waliofahamiana ndani ya treni wakodi gari pamoja asubuhi.

Tiketi usiitupe. Treni ikifutwa kabla ya kuondoka, au safari ikikatishwa njiani, anza dai lako kwa mkuu wa stesheni uliposhukia, siku hiyohiyo. Kuwa na tiketi, namba ya behewa, jina la stesheni mlipokwama na saa mlizosimama, ziwe zimeandikwa kwenye daftari au kwenye simu kwa mfuatano. Omba jibu la maandishi, au angalau jina na cheo cha aliyekuhudumia. Kwa treni za TRC, shirika linaloendesha Reli ya Kati na SGR, usiporidhika na jibu la stesheni, malalamiko yanapokelewa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Peleka nakala, tiketi halisi baki nayo.